Kisogo cha Tululu

Kourou,
Jumatano, wiki ya mwisho ya Karnivali

Dada yangu Hermance,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, na natumaini barua hii itakukuta huko Fort-de-France ukiwa umekaa, si umesimama jikoni ukililaani goti. Vipi hilo goti? Uliniambia daktari kakupa dawa ya kupaka, nami nakujua, umeiweka juu ya friji na unaendelea kujisugua mafuta yale yale ya marehemu mama. Shemeji hajambo? Na yule jogoo wa jirani aliyekuwa akikunyima usingizi, bado yu hai au mmeshamla?

Huku kwetu mvua hainyeshi, inamwagwa. Nguo hazikauki, ukuta wa chumbani umeota ukungu, na mimi mwenyewe nimechoka. Nimechoka kiasi kwamba nikiinama kufunga viatu hubaki pale pale, nikijiuliza nilikuwa nakwenda wapi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, na naikabidhi kwa abiria wa ndege ya leo ili ikufikie kesho. Jumapili ulinipigia ukasema wee mpaka chaji ikakuishia. Ulisema mimi si mama, mimi ni gogo. Ulisema mtoto anakwenda Mirihi, siyo Cayenne, na mama yake mzazi, anayefanya kazi ndani ya uzio ule ule, ameshindwa hata kusimama nyuma ya kioo ampungie mkono. Ulisema Orlane akiwa karantini alikulilia, akakuuliza, "Mama mkubwa, nimemkosea nini mama?" Mwisho ukasema nimempa mwanangu kisogo. Neno hilo lilinichoma, Dada, na baadaye lilinichekesha, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini. Siku ile jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu kuliko pumzi niliyokuwa nayo. Basi ndilo hili. Vaa miwani, na tafadhali usimsomee shemeji kwa sauti kabla hujaimaliza mwenyewe.

Kwanza nikuambie kwamba sikuwahi kuipinga hii safari. Orlane alipochaguliwa kuwa daktari wa wale wanaanga wanne, nilijifungia bafuni nikacheza peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Nimeiona ile meli tangu ilipokuwa vipande. Kila kipande kimepita Kituoni kwetu, kikapandishwa juu kwa roketi, kikaungwa na vyenzake huko huko angani kama watu wanavyojenga nyumba kidogo kidogo. Injini yake ni mpya, ya nyuklia, na haiwashwi mpaka iwe mbali na sisi. Wanasema imeifanya njia kuwa fupi, miezi michache tu. Lakini ukishafika huko huwezi kugeuka siku unayotaka. Ni lazima usubiri dunia na Mirihi zikaribiane tena. Kwa hiyo pamoja na injini yote hiyo, mtoto atarudi baada ya karibu miaka mitatu. Vijana wa Kituoni wanasema huu ni mwanzo tu, wajukuu zetu watakwenda huko kama sisi tunavyokwenda Paramaribo kununua vitambaa. Huwa nawajibu kwamba wataniletea mita mbili za chochote kilichopo.

Kazi yangu unaijua nusunusu. Mimi ni msimamizi wa mavazi katika chumba safi, pale wanapofungia vyombo vitakavyochimba udongo wa Mirihi kutafuta kama kuna chochote kilicho hai. Hatari yao kubwa ni sisi. Kijidudu kimoja kikituponyoka kikapanda meli, watachimba kule, watakikuta, na dunia nzima itapiga makofi kwa sababu ya mafua yangu mimi Yvelise. Kwa hiyo anayeingia mle haonekani hata kipande cha ngozi: ovaroli nyeupe, kofia ya kitambaa mpaka mabegani, barakoa, miwani mikubwa, glavu juu ya glavu. Unawajua wenzako kwa mwendo tu. Unakumbuka mama alivyosema nilipoanza kazi? "Mwanangu, wanakulipa ucheze tululu mwaka mzima!"

Na hapo alisema kweli kuliko alivyodhani, maana hata tululu wa kwenye dansi za Karnivali ni mwanamke aliyejifunika mwili mzima asitambulike. Wewe ndiye uliyenivalisha utululu mara ya kwanza, Dada. Gauni refu, sketi za ndani, glavu mpaka viwikoni, barakoa ya mahameli. Ulinifunga mto tumboni ili wanaume wa ukumbini wasilitambue umbo langu, ukanifundisha kuongea puani, ukanibadilisha mwendo. Ukanikumbusha sheria kana kwamba ni za kanisani: tululu ndiye anayechagua, na mwanamume akinyooshewa mkono hana ruhusa ya kukataa. Hakuna anayemvua tululu barakoa. Na mtu akimtambua, anafunga mdomo wake. Halafu mwisho kabisa ukanigeuza, ukapitisha kidole kisogoni mzunguko mzima, ukaingiza unywele uliokuwa umechungulia. Ulisema wanawake hujificha vizuri mbele wakasahau nyuma, na kisogo ndicho kinachowauza. Orlane alipofikisha umri wa kwenda ukumbini nilimvalisha vile vile, nikamkagua kisogo vile vile. Akacheka kwa sababu alitekenyeka.

Sasa turudi kwenye ubaya wangu. Ni kweli nilimgombeza kwenye simu, mwaka jana, kabla ya Krismasi. Nilimwambia anakwenda kutafuta vijidudu na kuniacha mimi na mvua, kwamba akienda aende, lakini asitegemee nije kulia nyuma ya kioo kama wanawake wa kwenye televisheni. Akaniuliza kama nimekula. Huyo ndiye Orlane. Unamtukana, yeye anakuuliza umekula nini.

Alipofika kutoka Ulaya mwezi wa kwanza, kabla hawajamtia karantini, aliomba tule pamoja mchana mmoja. Nikasema niko zamu. Akaja hivyo hivyo. Nilimsikia akigonga, nikamsikia akiita, "Mama, najua umo, redio inaimba." Nilikuwa nimekaa jikoni, kiganja mdomoni, nimeshindwa hata kuizima hiyo redio maana ingekuwa kukiri. Alisubiri sana. Halafu akatundika mfuko kwenye kitasa akaondoka. Ulikuwa na galeti ya Karnivali, ile keki ya kirimu, kutoka duka tulilokuwa tukinunua alipokuwa shule. Nilipothubutu kufungua mlango sisimizi walikuwa wameshaifikia. Niliila na sisimizi wake, Dada, nimesimama, sikubakisha.

Kisha zikaja zile siku za kioo, jamaa wanapowaaga wanaanga walio karantini bila kugusana. Familia za wenzake zilikuja na watoto, na mabango, na mama mmoja Mjerumani alikuja na mbwa. Kiti changu kilikaa kitupu. Yote uliyoyasikia ni kweli.

Ila kuna usilolijua. Katika siku hizo hizo nilikwenda kwa Placide. Placide ndiye mkuu wa kundi linalowavalisha wanaanga siku ya kuondoka, na nusu ya watu wake huwachukua kwangu, kwa kuwa mikono yetu imeshazoea usafi. Nilimwomba aniweke miongoni mwa watakaomvalisha Orlane. Akanitazama kana kwamba nimelewa. Akasema, "Yvelise, wewe ni mama yake. Ndugu haingii kwenye chumba kile, unajua. Mtu akilia, mkono unatetemeka, mkono ukitetemeka pete ya shingo inayoshika kofia haifungi." Nikamwambia sitalia. Akauliza mbona nisiende kwenye kioo kama binadamu wengine, ambako naruhusiwa kulia mpaka kesho. Nikamwambia kwenye kioo ataniona, na mimi nataka nimwone bila yeye kuniona. Nikamwambia nitaingia nimefunikwa kama kila mtu, hata kijitambulisho cha kifuani sitavaa.

Placide ni mtu wa ukumbini, unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akichaguliwa na matululu hadi viatu vinaisha soli. Alikuna kidevu. Akaniuliza jambo moja tu, kama nina ugonjwa wa kuambukiza. Nikamwapia kwamba sina, na vipimo vya karantini vikasema hivyo hivyo. Ndipo akasema, "Basi mimi sijui nani yumo ndani ya ovaroli. Tangu nianze kucheza sijawahi kumuuliza tululu jina lake."

Ugonjwa wa kuambukiza sina, Dada. Ninao ule mwingine. Nimeuzungukia kurasa zote hizi kama paka na ndoo ya maji. Ni uvimbe kwenye kongosho. Niliambiwa Cayenne, siku chache tu kabla ya ule ugomvi wa kwenye simu, na daktari, kijana mpole ambaye ndevu bado zinamtafuta, alinishika mkono akasema tutapambana. Nilimuuliza kama nitakuwepo baada ya miaka mitatu. Aliangalia dirishani. Nikamuuliza kama nitakuwepo Krismasi ijayo. Akaendelea kuangalia dirishani.

Umeelewa sasa? Mwanangu ni daktari. Huyo si mtu wa kudanganywa kwa poda. Angenitazama usoni dakika moja tu, angeona macho yalivyogeuka njano, angeona shingo hii iliyobaki kama ya kuku aliyenyonyolewa, na angevua lile vazi akabaki. Angebaki anipikie uji, aniangalie nikifa, halafu meli iende na daktari wa akiba na yeye abaki na lile anga juu ya kichwa chake kila usiku. Sikutaka kuwa sababu hiyo. Afadhali aende akiamini nimemkasirikia. Hasira ya mama inavumilika, watoto wote wamewahi kuivumilia. Basi nikampa kisogo, kama ulivyosema. Lakini kuondoka bila kumgusa nilishindwa. Nililia sana kwa hilo, nikajiona mchoyo, na sasa hivi naandika bado najiona mchoyo.

Waliahirisha mara mbili kwa sababu ya upepo wa juu, na kila wakiahirisha nilikuwa nameza vidonge vyangu vya maumivu upya. Jumanne ya wiki iliyopita upepo ukatulia. Nilijivalisha kama ulivyonifundisha. Taulo za kujinenepesha sikuweza kutumia, maana taulo inatoa nyuzi na nyuzi chumba safi ni dhambi, kwa hiyo nilivaa mavazi ya ndani matatu, moja juu ya lingine, nikawa na matako ambayo sijawahi kuwa nayo hata nilipoolewa. Macho hayakunipa shida. Miwani yetu mipya ina kioo cha rangi ya asali, na kila mtu nyuma yake ana macho ya njano. Nikaweka kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kiatu kimoja ili nichechemee. Jocelyne, mwenzangu wa kuvalisha, alinitazama nikiingia akanong'ona, "Makubwa! Huyu mnene tumemtoa wapi?"

Orlane alikuwa amekaa kwenye kiti, nywele amesuka, amekonda kidogo, mzuri. Nilifanya kazi. Nguo ya ndani yenye mirija ya maji, miguu, kiwiliwili, viatu. Sikusema ila "mkono" na "mguu", puani, kwa ile sauti yetu ya ukumbini. Alikuwa akimtania Placide kwamba amezeeka, safari hii matululu watamchagua kwa huruma. Mimi nilikuwa nahesabu vifungo ili nisihesabu kitu kingine. Ikaja ile kofia ya kitambaa yenye vipaza sauti, inayovaliwa kabla ya kofia kubwa. Nikaifunga chini ya kidevu. Kisha, Dada, bila kufikiri, nikapita nyuma yake na kupitisha kidole kisogoni mzunguko mzima, nikaingiza unywele.

Hakuna mvalishaji duniani anayefanya hivyo. Kofia kubwa inafunika kichwa chote na pete inafunga mpaka mabegani, kisogo cha mwanaanga hakina wa kukiona. Nilikuwa nimebadilisha mwendo, sauti na matako, na kidole changu chenyewe ndicho kikaniuza.

Orlane alinyamaza katikati ya mzaha. Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, mkono mtupu kwa kuwa glavu alikuwa bado hajavishwa, akanishika kifundo cha mkono, akanileta mbele taratibu. Pale ndipo nilipojua kosa la pili. Nilijinenepesha kote ila kwenye kifundo cha mkono. Kidole chake na gumba vilikizunguka vikapitana. Halafu akaviweka vidole vyake kama madaktari wanavyoviweka, akatazama saa ya ukutani. Jocelyne alidhani ameona kizunguzungu akataka kumletea maji. Akasema hapana, yuko salama, anajiweka sawa tu.

Daktari wa akiba alikuwa chumba cha pili, amevaa nusu, anasubiri kama wanavyosubiri siku zote. Neno moja tu lingetosha. Aliutazama mlango ule, mimi nikatazama sakafu. Sijawahi kusali kwa nguvu vile, na mpaka leo sijui nilikuwa naomba lipi.

Kisha akanyoosha mikono yote miwili nimvishe glavu.

Nilimvisha. Nikamfunga pete ya shingo, na mkono haukutetemeka, Placide ni shahidi. Akawa amefunikwa kama sisi, haonekani hata kipande cha ngozi, uso uko nyuma ya kioo kinachoakisi taa za dari. Akasimama, mzito na lile vazi, akapiga hatua mbele yangu, na akaninyooshea mkono wazi, kiganja juu, kiuno kimepinda kidogo. Unaujua mkono huo. Watu wa ugenini mle chumbani hawakuelewa kitu. Placide akaelewa. Akasema kwa sauti ya juu, na sauti yenyewe ilikuwa imekwaruza, "Haya, tululu amechagua! Huna ruhusa ya kukataa!"

Tukacheza mazurka hatua chache, pale kati ya kiti na mlango, bila muziki, yeye na buti zile na mimi na karatasi yangu kiatuni. Jocelyne akapiga makofi akidhani ni utani. Mlango ukafunguliwa, akaniachia, akaenda. Nilimwona akipanda juu saa za alasiri kama kila mtu wa Kourou, nimesimama kwenye maegesho ya magari, na mvua ikaanza pale pale.

Jana Placide alikuja nyumbani na simu yake mkononi. Wameshaachana na dunia, injini imewaka, wote wazima. Wanaanga wana desturi ya kuwatumia waliowavalisha salamu za shukrani, na zake zimekuja. Ameandika hivi, nainakili yote: "Mwambieni yule tululu mnene kwamba amekonda, na mapigo yake yanakimbia. Ale, na asibebe vitu vizito. Barakoa yake sikuivua kwa kuwa alinilea kwa adabu. Jina lake sitaliuliza mpaka nirudi."

Kwa hiyo usinitetee kwake, Dada. Usimwambie chochote. Akikuandikia muulize habari za huko, mwambie jogoo amekufa. Anajua, nami najua kwamba anajua, na hivyo ndivyo tulivyoagana.

Nimemaliza. Msalimie shemeji, sasa unaweza kumsomea. Wasalimie majirani ila yule mwenye jogoo. Na nina ombi. Jumamosi hii ni usiku wa mwisho wa ukumbini kabla ya Jumatano ya Majivu, na gauni langu la kijani bado liko kabatini, ingawa itabidi ulipunguze sana, kwa hiyo uje na sindano yako na hilo goti lako, upande ndege ya kwanza utakayoipata. Kujivika nitajivika mwenyewe. Ila sina wa kunikagua kisogo.

Mimi mdogo wako, ambaye bado anaikumbuka mikono yako,

Yvelise